Diski ya Baba Mdogo

Hebu niambie, wewe: umewahi kukataliwa na kompyuta?

Fundi angekucheka. Alikuwa na shahada ya fani hiyo, na mizimu aliwaachia wale wanaopiga redio makofi ili iongee. Jua lilikuwa linazama alipopita kwa mama yake mdogo, flashi mfukoni. Kazi ndogo tu, kisha arudi kwake akale.

"Futa kila kitu," mama mdogo alisema akiwa mlangoni. Chumbani haingii. "Kompyuta inawaka yenyewe, mwanangu. Kila magharibi... saa ile ile aliyokata roho baba yako mdogo. Sijalala tangu tuzike. Isipokoma leo, nahama."

"Betri ndogo ya ndani imekufa, Mama Mdogo. Inasahau saa, inasahau mipangilio. Uzee huo, hata sisi tunauendea."

Mama mdogo hakucheka.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua kifua. Kando ya kitanda ilikaa mashine ya kupumulia, kimya. Baba mdogo alimalizia maisha yake kati ya mashine mbili, moja ya pumzi na moja ya kuchezea karata, zote kwenye ekstensheni moja. Kisa kilijulikana: jioni ile balbu ilikuwa imeungua, mama mdogo akaenda kuchomoa kompyuta, akachomoa kimakosa waya wa mashine ya pumzi. Waombolezaji wakamwambia ajali haina kinga.

Fundi akabadilisha betri, akafungua ukurasa wa mipangilio. Kompyuta ilipangwa ianze na diski, na kuifuta diski kulihitaji ianze na flashi. Akachomeka flashi, akaipandisha juu ya orodha ya kuanzia, diski akaishusha chini. Akahifadhi.

Ikaanza na diski. Karata za baba mdogo zikatokea, mchezo umeachwa katikati.

Akarudia. Flashi juu. Akahakikisha kwa kidole.

Diski.

"Umerithi ubishi wa mwenyewe," alinong'ona. Akaizima, akafungua kasha, akachomoa diski na kuiweka kitandani. Haya, ianze na nini tena?

Akawasha.

Kwenye orodha, diski ilikuwa bado juu.

Feni ikaanza kuzunguka. Hhhh... kimya... hhhh... Fundi alikulia nyumba hii. Pumu ile ya baba mdogo aliisikia kupitia ukutani utoto wake wote.

Akaingia chini ya meza achomoe umeme. Giza. Nyaya mbili nene, pacha.

"Waya wa kompyuta ni upi?"

"Usio na utepe," mama mdogo alijibu pale pale. "Wenye utepe ni wa mashine yake. Aliufunga mwenyewe, ili hata gizani mtu akipapasa aujue."

Fundi akapapasa. Utepe ulikuwepo, umezungushwa mara nyingi, umevimba kama kifundo cha mguu. Kuukosea haiwezekani. Akauacha, akachomoa ule mwingine.

Skrini ikazimika.

Pumzi haikuzimika.

"Mama Mdogo," alisema, bado yuko chini ya meza. "Ulituambia hukuweza kuzitofautisha."

Hhhh...

Nyayo zikaingia chumbani, taratibu. Mama mdogo akaketi kitandani kando ya diski, kwa uangalifu, kama mtu anayekaa karibu na mgonjwa.

"Nilitaka usiku mmoja tu wa kulala," alisema, na hakuwa akisema na fundi. "Nikapapasa utepe. Nikaupata. Ndipo nikauchomoa ule waya."