Kifaa cha Kumi na Tisa

Elieza ni jirani yangu hapa Cheyo, na si mtu wa porojo. Hata alipofiwa na mkewe Asnath mwaka jana, hakulia mbele za watu. Alirudi kwenye kazi yake ya ufundi wa kompyuta, akawa anakula peke yake na kulala redio ikiwa inaongea.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, alikuwa kwenye ofisi ya chama cha wafuga nyuki, nyumba kuukuu ya udongo kando ya njia ya zamani ya misafara. Kazi yenyewe ndogo: kuifungia seva yao ruta, ili makarani wasome mafaili kwa simu bila waya. Makarani walikwisha kwenda zao. Alibaki yeye na mlinzi, mzee Masolwa.

Mtandao lazima uwe na jina. Elieza akauita "Karibu Ndani", na kwa kuwa alikuwa anajaribu tu, hakuweka neno la siri.

"Umeuitaje, fundi?" Masolwa aliuliza. Alipotajiwa, akakunja uso. "Mlangoni hapa walifia wapagazi wengi. Humu hatusemi karibu mpaka tumwone anayebisha hodi."

"Babu, hii ni mitambo tu." Elieza alicheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwenye orodha ya vifaa vilivyojiunga na mtandao kilitokea kimoja: simu yake. Kisha viwili. Masolwa alikuwa na kitochi, simu ndogo isiyojua intaneti, na nyumba ya jirani iko mbali. Vitatu. Vinne. Viliingia kimoja kimoja, kwa nafasi sawa, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Havikuwa na majina.

Benchi la wageni likalia. Halikuwa na mtu.

Cha kumi na tisa kilikuwa na jina: Simu ya Asnath.

Elieza aliliandika mwenyewe jina lile, siku aliyomnunulia simu. Na ni yeye aliyeilaza simu hiyo jenezani, kule Usoke, wazee wa kanisa wakiguna. Siku Asnath alipozidiwa alimpigia mara tatu. Elieza alikuwa juu ya ngazi akivuta waya, akasema moyoni atampigia baadaye. Akachelewa. Tangu hapo alitaka jambo moja tu duniani: simu ile iite tena, apokee.

Faili likaingia kwenye seva. Sauti, sekunde nne. Akalifungua.

"Elieza, usizime. Huku baridi."

Ni yeye. Ni Asnath.

"Zima," Masolwa alinong'ona akiwa mlangoni. Hakuthubutu kuvuka kizingiti.

"Ni mke wangu, babu."

"Yeye ni mmoja. Hao wengine ni wa nani?"

Ishirini na tano. Thelathini. Chumba kilijaa harufu ya jasho na vumbi. Kitu kilimgusa begani. Kikatulia pale. Elieza akafumba macho. Hakumjibu mkewe. Akachomoa waya wa ruta, akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumatatu akapigiwa na Flavia, katibu wa chama. Alikuwa amekuta faili la sauti kwenye seva, la dakika kumi na moja, hajui limetoka wapi. Akamwekea asikie. Sekunde nne za mwanzo zilikuwa maneno yale yale ya Asnath. Kisha nyayo, nyingi, zikitoka nje, zikififia. Kisha kimya kirefu. Halafu sauti ya mwanamume, karibu kabisa na kinasa.

"Naja, mke wangu. Ningoje."

Ilikuwa sauti ya Elieza. Na Elieza hakuwahi kuyatamka maneno hayo.

"Nilifute, fundi?" Flavia aliuliza.

Elieza akaibana simu sikioni.

"Liache," alisema. "Niwekee tena."