Ba Hakusikia Karatasi

Majirani zangu wa Ngokolo, na ninyi mnaopita hapa mkielekea machimboni, hebu tulieni kidogo. Mimi Philomena, Mama Selestine, fundi cherehani, mnanijua kwa mdomo kabla ya kunijua kwa nguo ninazoshona. Leo mdomo huu una uchungu. Nataka niwaambie yaliyoikuta nyumba ya jirani yangu Jashvant, mwaka ule wa tisini na tisa, kwa ajili ya kitabu cha umeme. Msicheke. Nilikuwepo.

Cherehani yangu ilikaa barazani kwake, mbele ya duka la sululu, makarai, kamba na tochi, vitu vya wachimbaji. Jioni, kabla ya kufunga, Jashvant alimtoa mama yake nje akamkalisha kwenye kiti cha kamba. Sote tulimwita Ba, kama alivyoitwa na mwanawe. Kikwao ndiyo mama. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Jashvant alifungua kitabu cha Kigujarati, akamsomea ukurasa, kisha akatugeuzia kwa Kiswahili sisi wa barazani. Akinogewa, hata wateja walisahau walichofuata.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Dada alikwenda gulioni na mdogo wake, akamwachia mkono kidogo tu ili ajaribu bangili. Kugeuka, mtoto hayupo. Tangu hapo anamtafuta, mji kwa mji, mpaka kichwa kimeota mvi. Ba mwenyewe hakufundishwa kusoma. Marehemu mumewe ndiye aliyeanza kumsomea, akafariki katikati, na mwanawe akakianza upya. Sasa walikuwa wanaingia juzuu ya nne, ndiyo ya mwisho.

"Nikijua kama alimpata, nitakufa vizuri," Ba alikuwa akituambia.

"Ukifa utamwachia nani kutugombeza?" nilimjibu, naye akacheka mpaka akakohoa.

Jamani, kile kitabu kilikuwa cha watu wote. Mwita, mchimbaji wa Nyarugusu, kila akija kununua kamba alianzia kwenye kile kiti.

"Shikamoo, Ba. Dada kampata?"

"Marahaba, baba. Bado. Subira."

Mwita akaenda kuwapa habari wenzake. Huko mashimoni walishagawanyika, hawa wanasema atampata, wale wanasema mtoto alikufa zamani, na kuna siku nusura wapigane.

Ndipo Viral, mtoto wa Jashvant anayeishi Amerika, alipokuja kusalimia. Akamletea baba yake mashine bapa, ukubwa wa kitabu cha kawaida, uzito kama nusu kilo ya sukari, ina kioo kinachong'aa. Unabonyeza, ukurasa unabadilika. Humo ndani vilikuwemo vitabu kumi, vyote vya Kiingereza.

"Maktaba nzima hii, Mama Selestine!" Jashvant aliniambia, akiipapasa kama mtoto mchanga. "Na Viral anasema kitabu chochote cha dunia kinaingia humu."

"Makubwa!" nikasema. "Na sindano inatunga?"

Alicheka. Mwanzoni tulicheka sote. Lakini Viral alipoondoka, Jashvant akawa mtu wa mashine. Ikifika jioni anamtoa Ba kama kawaida, anakaa karibu naye, uso umemulikwa na kile kioo, macho yanakimbia, midomo imefungwa. Mwanamume mzima amekaa na mama yake na hayupo!

"Jashu," Ba anamwita, "kitabu."

"Kesho, Ba. Hapa nimefika patamu."

Kesho ikazaa kesho nyingine. Ba akaacha kuuliza kwa sauti. Alikuwa anageuza shingo tu upande wa mwanawe, anasikiliza, hasikii kitu, anashusha kichwa. Mimi nilikuwa namwona, na ilikuwa inaniuma.

Kisha likaja kosa lenyewe. Hapa mjini mnajua, karatasi haitupwi. Daftari lililoisha, gazeti la juzi, kitabu kichakavu, vyote vinaishia kwa wauza karanga, vinasokotwa vikaratasi vya kufungia. Limi muuza karanga alipita akiomba karatasi, na Jashvant, kwa kujisikia, akamtolea katoni zima la vitabu vyake vya zamani.

"Chukua, mayu," alimwambia kwa Kisukuma, yaani mama. "Vinakusanya mende tu. Mimi nimehamia kwenye umeme."

Nikasimamisha cherehani. "Baba Viral, na kile cha Ba je?"

"Nacho kimo. Viral atatuingizia kwenye mashine, kipya, safi, hakuna ukurasa uliochanika. Utaona!"

Limi akajitwika katoni akaondoka. Ba alikuwa palepale kwenye kiti chake, amesinzia. Hakuna aliyemwambia kilichopita mbele yake, na mwanawe aliona ni jambo dogo.

Ilipita miezi ndipo Viral akapigiwa simu. Akasema, baba, mashine hii haizijui herufi za Kigujarati. Na kitabu chenyewe kinaitwaje, nikitafute? Weee! Jalada lilikuwa limekatika miaka mingi, na ukurasa wa jina mende walishaumaliza. Ba alikijua kwa jina moja tu, kitabu cha dada. Wazee wenzake ambao wangekikumbuka walikuwa wamehamia Uingereza, wengine wameshafariki.

Jashvant akamkimbilia Limi sokoni, jasho linamtoka, mwenye duka zima anamwomba muuza karanga.

"Karatasi za tangu Pasaka, bosi?" Limi alishangaa. "Karanga zote nimeziuza Isaka kwa madereva wa malori. Zimeliwa, na karatasi zimetupwa njiani. Ungeniambia!"

Jashvant akarudi na vipande vitatu alivyookota sokoni, vyote vya juzuu ya kwanza.

Mvua za vuli zilipoanza, Ba akaugua kifua. Hakuinuka tena. Mchana mmoja niliingia kumpelekea uji, nikamkuta Jashvant kitandani pake. Ba alikuwa amemshika mkono. Waliongea kikwao, na Bhumika, mkewe Jashvant, alinigeuzia taratibu, mkono mdomoni.

"Jashu, nisomee mwisho," Ba alisema.

Jashvant aliiangalia ile mashine, akaiweka magotini, akaanza. Alisema dada alifika mji wa mbali, akamwona mtu mzima anauza bangili, akamtambua kwa kovu la kwenye paji la uso. Wakakumbatiana. Wakarudi kwao. Aliongea vizuri, lakini kidole hakikubonyeza hata mara moja, nasi tulijua anatunga.

Ba aligeuza shingo upande wake, akatega sikio.

"Nzuri, mwanangu," alisema. "Lakini sikusikia karatasi."

Jashvant akaangusha kichwa kwenye shuka akalia kwa sauti. Ba akampapasa nywele. "Baba yako alikuwa analowesha kidole kwanza," alimwambia, "ndipo anafungua."

Wiki ile ile tulimpoteza. Wakamchoma kwa desturi yao, na kiti chake kikabaki barazani, hakuna aliyethubutu kukikalia.

Muda ukapita. Siku moja Mwita akaja, akasimama mbele ya kile kiti bila kumsalimu mtu. Habari ya msiba ilishamfikia. Akatoa mfukoni karatasi yenye mafuta ya karanga, ameinyoosha vizuri.

"Niliipata Isaka," alisema. "Nikaona herufi ni zile za Ba. Nikasema siitupi."

Jashvant akaipokea. Akalowesha kidole, sijui hata kama alijua anafanya hivyo. Akasoma kimoyomoyo, kisha akatugeuzia. Dada amerudi kwenye lile gulio la kwanza, kwa sababu hana mahali pengine pa kutafuta. Jua linazama, watu wanafunga vibanda. Nyuma yake anasikia mtu anamwita kwa jina lake la utotoni. Anageuka.

"Eeh?" Mwita akasema. "Anageuka, halafu?"

"Ukurasa umeishia hapo."

Mpaka leo hatujui alimwona nani.

FUNDISHO

Ndugu zangu, simlaumu Viral, alileta zawadi kwa mapenzi, na mashine haikumkosea mtu. Siku hizi imelala kwenye droo, betri imekufa. Kosa ni la mtu aliyeona cha kwake kuwa takataka kwa sababu ameona kipya. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tunaisema kila siku huku tukiutupa mbacha dirishani. Vya kisasa vipokeeni. Lakini kabla hujatoa cha zamani, muulize anayekitegemea, hasa asiyeweza kujionea mwenyewe.

Na kama una mzazi anayekuambia "nisomee", "nisikilize", "kaa nami", usimjibu kesho. Jashvant sasa jioni anakaa barazani, anatusomea magazeti kwa sauti, na kila akifungua ukurasa anautikisa kwa nguvu, hata kama hakuna aliyemwomba.