Kahawa ya Nyirabageni

Kitu cha kwanza kumshangaza Kantengwa kilikuwa kahawa. Ilikuwa mezani, ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na mchaichai kisha ikakaushwa, kama wanavyowekewa wageni katika nyumba yoyote ya Karagwe inayojiheshimu. Alipotia mkono akakuta ina uvuguvugu. Na nyumba ile ilikuwa imefungwa tangu Pasaka. Kufuli lenyewe mumewe alihangaika nalo robo saa nzima, mpaka alipolitia mafuta ya taa ndipo likakubali.

"Ni joto la bati tu," alisema Cassian, akachukua punje tatu akazitupa mdomoni.

Kantengwa naye akala mbili. Angefanyaje? Amelelewa kwamba ukiwekewa kahawa unakula, na ukiikataa umemtukana mwenye nyumba, hata kama mwenye nyumba humwoni.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1986, na likizo ile ilikuwa wazo la Cassian peke yake. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa ramani na penseli iliyochongwa, na alikuwa amesikia kwamba kuna watu duniani wanaokwenda kukaa mashambani wiki nzima, kazi yao kutembea tu vilimani, kuangalia, na kurudi kula. Pale Nyakahanga walikoishi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yaani unakodi nyumba ili ukatembee kwa miguu? Si utembee hapa hapa!" Lakini Kantengwa alikuwa muuguzi, hajapumzika tangu Januari, na alipomwona mumewe amekaa siku nne mfululizo anachora njia tatu kwenye karatasi ya miraba, anaandika saa za kuondoka na mahali pa kulia karanga, alimwonea huruma akakubali. Jumanne wangepanda kilimani. Jumatano wangeshuka chemchemini. Alhamisi wangekwenda mpaka Nyaishozi. Jumamosi lazima wawe nyumbani, hilo Kantengwa alilisema mara tatu, kwa sababu walimwacha binti yao Yudesi, mwenye miaka mitatu, pale nyumbani na shangazi yake Kyomugisha, na hajawahi kulala mbali na mama yake hata siku moja.

"Jumamosi mchana," alimwahidi mtoto. "Ukimaliza kula tu, uje unipokee getini."

Nyumba ilikuwa Rugera, katikati ya migomba na mibuni. Aliyewakodisha aliitwa Ndyamukama, mpwa wa mama mmoja marehemu aliyeitwa Nyirabageni, ambaye ndiye aliyeijenga. Alikutana nao barabarani, akapokea kilo ya sukari na miche miwili ya sabuni, maana miaka ile vitu hivyo vilikuwa adimu kuliko noti, akawapa ufunguo. Kuwapeleka hadi uani alikataa. Alisema njia ni moja, hawawezi kupotea.

"Haya, asante waitu," Kantengwa alimwambia kwa heshima ya kwao. "Na wewe karibu kwetu. Nyumba za wauguzi, ya tatu kutoka kisimani, mlango wa bluu."

Cassian akacheka njia nzima. "Mke wangu, siku moja utamkaribisha hata mwizi na kumwelekeza mlango." Kantengwa hakujali, ndivyo mdomo wake ulivyozoea. Hakuwahi kuagana na mtu bila kumkaribisha, na hata wagonjwa walioruhusiwa kutoka wodini aliwaambia hivyo hivyo, wakabaki wanamtazama.

Jumanne walitembea vizuri. Walipita mashambani, wakapanda mpaka kwenye nyasi ndefu ambako ng'ombe walikuwa wakilishwa, wakala karanga zao pale pale Cassian alipokuwa ameandika kwamba watakula, naye akafurahi kama aliyeshinda mtihani. Kisha wakashika njia ya kushukia upande wa pili. Walishuka saa nzima. Migomba ikaanza, likaja bati, na Kantengwa akaona nguo yake mwenyewe ikining'inia kwenye kamba.

"Nimekosea kipimo," alisema Cassian, akaitoa ramani akaikunja upya.

Ndani, kikapu kilikuwa kimejaa. Sakafuni palikuwa pametandikwa majani mabichi, yamekatwa sawasawa, yananukia. Walitazamana. Cassian alisema labda Ndyamukama ana mtu wa usafi, na Kantengwa akakubali, maana alitaka sana iwe kweli.

Jumatano walikwenda upande ulio kinyume kabisa. Chemchemi waliiona, wakanywa maji, wakaendelea mbele kwa njia ambayo ramani ilisema inakwenda mbali, mbali sana na Rugera, na Kantengwa ndiye aliyeanza kusikia harufu ya mchaichai na kahawa inayochemka, akamshika mumewe mkono kabla bati halijaonekana. Mara hii mlangoni palikuwa na beseni la maji ya kunawa, yanatoa mvuke, na kutoka chumba cha ndani, kile ambacho hawakuwa wamekifungua, alisikika mwanamke anaimba kwa pua, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo huku akiwasubiri watu wake.

"Umesikia?" alinong'ona Kantengwa.

"Nimesikia."

"Fungua basi uone."

"Fungua wewe."

Hakuna aliyefungua. Walichukua mabegi yao palepale, jua likiwa bado lipo, wakashika njia ile ile moja waliyoijia, ile ambayo Ndyamukama alisema haipotezi mtu.

Alhamisi ikawakuta bado wanaitafuta barabara. Cassian alikuwa na chaki mfukoni, kama walimu wote, akawa anaandika namba kwenye shina la kila mgomba mkubwa wanaoupita, moja, mbili, tatu, namba zimenyooka, mpaka kumi na mbili, na mgomba uliofuata baada ya kumi na mbili ulikuwa na moja, kwa mwandiko wake mwenyewe, chaki bado mbichi, na nyuma ya mgomba ule kulikuwa na ua uliofagiliwa na mlango uliokuwa wazi na meza na kikapu na viti viwili vilivyovutwa nje kidogo kama mtu anavyovivutia wageni waliochoka. Aliketi chini akalia. Kantengwa hakuwahi kumwona mumewe akilia, na hilo lilimtisha kuliko wimbo ule.

"Keshokutwa ni Jumamosi," alisema. "Yudesi atatoka getini, Cassian. Atatoka, asinione."

Alikuwa na hofu ya kila kitu mle ndani, lakini kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo. Alimwona mtoto amesimama getini mpaka jua linazama, na shangazi yake anamvuta, na mtoto hataki.

Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Walikuwa wamefika kwenye uzio wa minyaa, mwisho wa shamba, waliposikia mbuzi, kisha wakamwona mwanamke mzee upande wa pili, amejifunga khanga mbili, ana fimbo, na uso wa mtu asiyependa kusumbuliwa. Baadaye walimjua kwa jina la Costansia, jirani wa marehemu.

"Simameni hapo hapo!" alisema. "Mkononi kwangu msiguse."

"Shikamoo mama," alisema Kantengwa.

"Marahaba. Mmekula kahawa yake?"

Cassian akatazama chini, na yeye akajua.

"Ndyamukama mshenzi yule! Anajua kabisa. Yeye mwenyewe alikaa humo wiki mbili, akatoka amekonda kama ufito." Akatema mate pembeni. "Nyirabageni aliletewa barua kwamba ndugu zake wanakuja kutoka Rwanda. Kila siku akachemsha kahawa, kila siku akatandika majani. Miaka sita. Hawakuja. Tulimkuta amekaa kitini, kikapu mapajani. Watu wa pwani wangesema ni jini. Padri anasema pepo. Mimi namwita kwa jina lake, maana anaitika."

"Tusaidie, mama," alisema Cassian. "Mimi ni mwalimu, tuna mtoto."

"Mmemuaga?"

"Tumuage nani? Hamna mtu mle."

"Mawe, mama wee! Na wewe ni mwalimu!" Costansia alipiga fimbo chini mpaka mbuzi wakaruka. "Mmekula kwa mtu, mmelala kwa mtu, halafu mnatoka kimya kimya kama mbuzi hawa. Nani kawalea? Mgeni anaaga. Mwenyeji anamsindikiza. Na mwenyeji yule amengoja wageni miaka sita, mnadhani atawaachia mtoroke? Rudini. Muageni kwa adabu. Atawasindikiza, msigeuke nyuma. Mkifika kijitoni, vukeni, mwambieni asante, mwambieni arudi. Basi. Msiongeze kitu."

Kurudi mle ndani kwa hiari yao ilikuwa ngumu kuliko kutembea siku tatu. Kantengwa alisimama mbele ya mlango wa chumba cha ndani, wimbo ukiendelea nyuma ya ubao.

"Mama Nyirabageni," alisema. "Umetupokea vizuri. Tumekula, tumelala. Sasa tunaomba ruhusa, tuna mtoto nyumbani. Tusindikize kidogo."

Wimbo ukakatika. Kiti kikalia, kama mtu mzima anapoinuka kwa kushika mapaja.

Walitoka wakitazama mbele, Cassian ametangulia, Kantengwa anamfuata, na nyuma ya Kantengwa zikaja nyayo za miguu mitupu juu ya majani makavu ya migomba, si za haraka wala za polepole, mwendo wa mama anayesindikiza watu aliowapenda na hataki wafike, na kila walipopunguza nazo zikapunguza, na harufu ya mchaichai ikamzunguka shingoni mpaka akawa anaivuta kwa kila pumzi, na mara moja, kwenye mteremko alipoteleza, kitu chembamba kikavu kikamshika kiwiko kumzuia asianguke, kikamwachia kwa upole, na alitamani kupiga kelele lakini alijua kwamba akipiga kelele atageuka, na akigeuka hatamwona Yudesi tena, kwa hiyo akauma midomo akatembea, akatembea, na migomba ikaanza kupungua, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akasikia maji.

Cassian alivuka kijito mbio, akapanda ukingo wa pili bila kusimama. Kantengwa akavuka. Nyayo zikakoma upande ule.

"Asante, mama," alisema, mgongo wake ukiwa upande wa maji. "Tumefika. Rudi sasa."

Akasikia nyayo zikigeuka taratibu, majani yakivunjika. Machozi yakamtoka, shukrani ikamjaa kifuani kwa ajili ya yule mzee mpweke aliyewaachia waende kwa mtoto wao. Na mdomo wake, mdomo uliolelewa vizuri, ukamalizia wenyewe.

"Na wewe karibu kwetu, mama."

Maji yalikuwa yanapiga kelele. Cassian hakusikia, na Kantengwa mwenyewe alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea barabarani.

Walipata lori la ndizi jioni, likaharibika njiani, wakalala kwenye mikungu, na Jumamosi mchana likawashusha Nyakahanga. Mji ulikuwa ule ule. Watu waliwasalimia, wakawauliza kama wamemaliza kutembea, wakacheka, na Cassian akacheka nao kwa mara ya kwanza. Kantengwa hakusimama na mtu. Alipita kisimani, akahesabu nyumba ya kwanza, ya pili, akauona mlango wa bluu.

Kyomugisha, shangazi wa mtoto, alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharage.

"Afadhali mmefika!" alisema. "Mgeni wenu aliwatangulia tangu jana jioni. Mbona hamkuniambia mna mama mkubwa? Mzuri yule! Kaimba na mtoto kutwa, kafagia, na sijui majani kayakata wapi."

Kantengwa alisimama getini. Mlango ulikuwa wazi. Sakafu ya saruji, aliyoipiga deki mwenyewe kabla ya safari, ilikuwa imefunikwa majani mabichi.

"Yudesi," aliita. "Yudesi, njoo kwa mama. Njoo haraka."

Mtoto akatokea mlangoni, shavu moja limevimba, anatafuna kahawa. Alipomwona mama yake akapiga kelele ya furaha, akashuka kibarazani mbio, mikono imenyooshwa, akija moja kwa moja getini. Hatua kumi tu. Kantengwa alipiga magoti kumpokea. Yudesi akakimbia, akakimbia, akatokea nyuma ya nyumba, kwenye kona ya jikoni, bado anakimbia, bado mikono imenyooshwa, lakini sasa uso wake ulikuwa umeanza kuogopa.

"Mama," alisema, "mbona hufiki?"

Kantengwa alifungua mdomo amuagie mtoto wake kwa Nyirabageni, lakini hapa ndipo kwao; mtu huaga kwake aende wapi? Ndani ya nyumba, mtu alikuwa anaimba kwa pua, anapanga vyombo, na alikuwa amevuta viti viwili nje kidogo ya meza.