Mstari Uliojificha

"Kila mstari hapa una jina lako," bosi alisema. "Nieleze, binti."

Mabano akasogea karibu na skrini. Ofisini walimwita hivyo kwa utani, maana hakuna aliyesahau mabano katika C, lugha ya programu zao, mbele yake akasalimika. Programu yao iliendesha mashine za joto za watoto njiti, na asubuhi hiyo mashine ya majaribio ilipitiliza joto bila kujizima. Ijumaa ni yeye aliyepanga upya mistari ya mradi mzima ifuate mtindo mmoja, ndiyo maana rekodi zilimtaja yeye kila mahali.

Alijitetea kwamba kupanga nafasi za mistari hakubadilishi kazi ya programu. Bosi akampa hadi saa nane athibitishe, la sivyo afungashe. Mchumba wake, aliyeandika programu hiyo pamoja naye na ambaye walikuwa wafunge ndoa baada ya wiki tatu, alikaa pembeni, macho sakafuni.

Mabano akafungua rekodi za kabla ya Ijumaa. Akauona. Mstari unaoiamuru programu itoke ulikuwa umesogezwa ndani, uonekane uko chini ya sharti, kumbe mabano ya kuufungia humo hayakuwapo. Programu ilitoka kila mara kabla ya kufika penye kuzima joto. Uliandikwa mwaka jana. Jina lilikuwa la mchumba wake.

Simu ikatetemeka, ujumbe wa mchumba wake: "Usiende kwa bosi. Njoo ngazini, nakuomba."

Akamkuta ameegemea ukuta, jasho likimtoka.

"Ulijua?"

"Tangu asubuhi. Niliogopa. Wewe wanakupenda, wangekusamehe. Mimi wangenifukuza, na mama ameshaalika ukoo mzima."

"Mashine ngapi ziko hospitalini na mstari huo?"

"Kumi na mbili."

"Na watoto wamo ndani, na wewe umekaa unawaza kazi."

Mabano alimtazama kama mtu asiyemjua, na hofu mpya ikamshika: huyu angeweza kumwacha yeye na wale watoto waangamie. Mwanamume alijifuta uso, akatoa simu, akampigia bosi.

"Kosa ni langu, si lake. Waambie hospitali wahamishe watoto sasa hivi."

Hadi jioni watoto wote walikuwa wamehamishwa, wazima. Mchumba alisimamishwa kazi. Alikwenda nyumbani kwa kina Mabano, akamwomba msamaha mbele ya mama yake binti, akauliza kuhusu harusi.

"Isogezwe," Mabano alisema. "Sijakukataa. Ila sitaki kuolewa na mtu ninayemwogopa."

"Nitasubiri."

Akaondoka. Mabano akafunga mlango, akahakikisha mara mbili kwamba umefungika.