Vifungo Juu ya Meza

Mama Sindano alirudi kutoka kiwanda cha mashati, akaketi jikoni bila kuvua viatu. Kazi yake ilikuwa kufundisha mafundi wapya.

"Mbona kimya, wifi? Umemeza sindano?" akauliza wifi yake, muuguzi, akimenya vitunguu.

"Bosi anafuta mafunzo. Waliofunzwa walishona mashati hamsini, wakaharibu kumi. Wasiofunzwa nao hamsini, wakaharibu sita. Eti nafundisha watu kuharibu. Ijumaa sina kazi."

Wifi akaweka kisu chini. "Kitendawili."

"Sina moyo huo leo."

"Sema tu."

"Haya, tega."

"Wengi zaidi hufia kitandani kuliko kitini. Je, kitanda kinaua?"

Mama Sindano akacheka bila kutaka. "Kitanda kina kosa gani? Mgonjwa ndiye hulazwa."

"Na wewe, waliofunzwa unawalaza wapi?"

Mama Sindano akakumbuka. Pale kiwandani, aliyemaliza mafunzo alihamishiwa kwenye kola siku hiyohiyo. Kola ndiyo inayotoa watu jasho. Wasiofunzwa wengi waliachiwa pindo, mshono wa moja kwa moja.

Akafungua daftari lake la kazi, akamwaga kopo la vifungo mezani, kifungo kimoja kwa kila shati. Cheupe ni shati zima, cheusi ni lililoharibika.

"Usivichanganye," wifi akasema. "Tenga vya kola kwanza, ndipo uulize: ikiwa ni kola, uwezekano wa kuharibika ni upi?"

Waliofunzwa: kola arobaini, zimeharibika kumi. Moja katika kila nne. Wasiofunzwa: kola kumi, zimeharibika tano. Nusu nzima.

Wakageukia pindo. Waliofunzwa: mashati kumi, halikuharibika hata moja. Wasiofunzwa: mashati arobaini, limeharibika moja.

Mama Sindano akashika mdomo. Vifungo vilikuwa vilevile. Vimetengwa tu, na sasa vinasema kinyume.

Asubuhi akavipanga mbele ya bosi.

"Umeongeza vyeupe wewe," bosi akasema.

"Vihesabu mwenyewe."

Bosi akahesabu. Akarudia, polepole, kama anayegusa kitu cha moto. Kisha akavua miwani, akabaki anaitazama meza.

"Nilikuwa natupa dawa nikidhani ni sumu," akanong'ona.

Mafunzo yakabaki. Sasa hakuna anayegusa kola kabla ya kufunzwa, na rundo la mashati mabovu limepungua hadi paka hapati pa kulala.

Bosi naye kabadilika. Shati likiharibika, haulizi tena, "Nani huyo?" Huuliza kwanza, "Alikuwa anashona nini?"