Klipu ya Bomba la Petroli

"Dada, zima gari! Zima nakwambia!"

Foleni ya kituo cha mafuta ilikuwa honi tupu na jua la mchana. Dada mwenyewe, ndani ya gauni la manjano alilolishona kwa mkono wake, alidhani anatongozwa.

"Kwa kelele hizo? Jifunze adabu kwanza, kaka."

"Nitakutongoza baadaye. Petroli inamwagika chini ya gari lako!"

Akazima chapuchapu. Kijana yule wa ovaroli, fundi magari ambaye gereji nzima ilimwita Spana, alilisukuma gari pembeni, akaingia uvunguni. Akatoka na mpira uliopasuka na waya wenye kutu.

"Nani alifunga bomba la mafuta kwa waya?"

"Baba. Anasema waya haujawahi kumwangusha."

"Mwambie waya ni wa banda la kuku."

Binti alicheka mpaka akashika mlango. Spana akakimbilia gereji, akarudi na mpira mpya wa mafuta. Aliusukuma kwenye bomba la chuma mpaka ukavuka kivimbe cha mwishoni, akavalisha klipu, pete ya chuma ya kubana mpira, nyuma ya kivimbe na kuikaza taratibu kwa bisibisi.

"Mbona unaidekeza hivyo?" binti akauliza. "Mimi mshonaji. Kwetu kitu hukazwa mpaka kilie."

"Nikimaliza haraka utaondoka, Sindano wangu."

Lo! Laiti angejibu swali! Klipu ikikazwa kupita kiasi huula mpira, na Spana alilijua hilo hata usingizini. Lakini alikuwa anayatazama macho ya binti, basi akasahau kusema.

Mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, Sindano?"

"Nile nini, nimeshona kola kichwa chini kwa kukuwaza wewe!"

Jumapili moja walitembea na lile gari, na Spana akasahau koti lake la kazi nyuma ya kiti. Kesho yake binti alipofungua mlango, petroli ikampiga puani. Akampigia. Simu iliita weee, haikupokelewa. Spana alikuwa chini ya lori, simu yake mezani. Binti akachukua bisibisi ya cherehani, akalala chini na gauni lake, akaikaza ile klipu kwa nguvu zote mpaka ikazama kwenye mpira. Harufu ilikuwa ya koti, jamani. Ya koti tu! Jioni akalifua lile koti, harufu ikaisha, akajiona naye fundi. Hakumwambia Spana, asije akachekwa.

Siku chache baadaye baba yake aliazima gari kwenda kumwona mgonjwa. Mpira ulikatika njiani, petroli ikamwagikia ekzosi iliyokuwa ya moto, gari likawaka. Watu walikimbia na ndoo za mchanga. Mzee hakutoka.

"Usinipigie tena," binti alimwambia Spana kwenye simu. "Wewe ndiye uliyeufunga mpira ule."

Spana alikwenda kulitazama lile gofu la gari. Aliiona klipu: skrubu imezungushwa hadi mwisho wa meno yake. Huo haukuwa mkono wake. Akaichomoa, akaitia mfukoni, akangoja siku Sindano atakapokubali kumsikiliza. Akiiona hii ataniamini, alijiambia, na atarudi. Wateja walimkimbia, yeye akangoja.

Binti alikuja mwenyewe gerejini, amekonda, nguo nyeusi zinampwaya.

"Spana, kuna fundi ameniambia klipu ikikazwa sana hukata mpira." Akamsogelea. "Ile siku hukupokea simu... nilisikia harufu. Niliikaza mimi. Niambie kweli, mpenzi. Ni mimi niliyemuua baba?"

Spana alikuwa ameishika klipu mfukoni. Neno moja tu, na jina lake lingesafika. Akaitazama mikono ile ya kushonea, inavyojiminyaminya.

"Hapana."

"Kwa hiyo?"

"Nilikuwekea mpira wa maji. Petroli huuyeyusha. Wa mafuta haukuwepo, na sikutaka uondoke."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Binti alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea kama aliyetuliwa mzigo. Halafu akamwasha kofi, mafundi wote wakageuka.

"Mimi nimekuja kukupigia magoti, kumbe wewe! Nakwenda polisi."

"Nenda. Nitawaambia hivyo hivyo."

"Nilikupenda, mwanaharamu wewe!"

"Najua, Sindano."

"Usiniite hivyo!"

Alitoka nje ya lango, akavuka barabara akitembea wima. Spana alimtazama mpaka akapotea kwenye watu, roho inamuuma vibaya, na hakumwita.