Ulimi wa Mwalimu

JASUSI WA WAJERUMANI YUKO KABAMBARE. JINA LUTZ. MTAALAMU WA MAWE. SURA HAIJULIKANI. MWALIMU WAKE HAUPT. MWALIMU WA HAUPT, DREXEL. WOTE HUPIMA JIWE KWA KULILAMBA.

Atumani, mpelelezi wa siri, aliichana telegramu, akaondoka Kasongo na pikipiki yake ya FN, bastola ya Browning kiunoni.

Saa sita mchana, huko huko Kabambare, wangemnyonga Sumaili, mdogo wake, nyapara wa machimbo, kwa wizi wa ramani ya dhahabu asiyowahi hata kuiona. Mwaka huo wa 1943, Kongo, Mbelgiji hakutafuta ushahidi. Alitafuta shingo nyeusi. Ptuu!

Njiani alisimama mara moja tu. Aliokota jiwe, akalipaka mavi ya mbuzi, akalianika juu ya tangi.

Saa tano na nusu alifika Kabambare.

Barazani, Adiministrata, Mbelgiji mkuu wa wilaya, alikuwa akinywa bia na mgeni mmoja, Keller, Mswisi mnunuzi wa pamba. Ndivyo alivyojiita. Chini ya bendera, Sumaili amelala kifudifudi, mgongo umechanwa kwa kiboko, nzi wanashiba. Na hawa wanakunywa!

"Bwana, watu ya machimbo ya Salamabila wanasema hii jiwe iko na dhahabu."

Atumani akamwekea Keller jiwe mkononi.

Atumani mwenyewe, kila akisoma Kurani, hushika sikio, kama mwalimu wake, kama mwalimu wa mwalimu wake. Hakuambiwa na mtu. Mkono huenda wenyewe.

Keller akaligeuza juani. Ulimi ukatoka.

Akalamba.

Akatema. Akakohoa. Bia yote ikarudi juu ya viatu.

"Tangu lini mutu ya pamba analamba majiwe?" Atumani aliuliza. "Haupt hajambo, Bwana Lutz?"

Mkono wa Lutz uliruka kuelekea koti. Browning ilikuwa imetangulia.

Ramani ilikuwa ndani ya bitana ya koti.

"Bravo!" Adiministrata alicheka. "Mufungue ule mutu. Atumani, nitakuombea medali."

Pole hakusema. Alikuwa anafuta kiboko kwa leso, kutoka ncha hadi mpini, taratibu. Vilevile alifanya Adiministrata aliyemtangulia. Vilevile na yule wa kabla yake. Atumani aliwatumikia wote watatu.

Akambeba mdogo wake hadi kwenye pikipiki.

"Medali mupatie mbuzi, Bwana. Ye ndiye alifanya kazi."

Akapiga gia.